Kileo na Ugeni: Habari za Ujiji na Funzo lake kwa Wanafunzi wa Ng'ambo

Mji wa Ujiji, ulio kilomita chache kusini ya Kigoma katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, hujulikana na watu wengi kwa habari ya kukutana kwa Livingstone na Stanley tu. Walakini mtu atakaye kujua jinsi watu wa Afrika ya Mashariki walivyojifunza kuishi mbali na kwao hana budi kuutazama mji huo kwa jicho jingine. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Unyanyembe, na ulikuwa pia mlango wa kuvukia kwenda Manyema. Waliofika hapo walikuwa Waarabu wa Unguja na Omani, Waswahili wa mrima, Wanyamwezi waliochukua mizigo, na watu wa Manyema walioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wengi wao kwa nguvu. Wajiji na Waha walikuwa ndio wenye nchi, lakini sokoni mgeni alikutana na mgeni mwenziwe mara nyingi kama alivyokutana na mwenyeji.

Katika ugeni huo wote kuna jambo moja ambalo waandishi wa safari walilitaja mara kwa mara, kisha wanahistoria wakalipita upesi, nalo ni kileo. Nani alikunywa, alikunywa na nani, na ni nani aliyekuwa na wajibu juu yake alipokwisha kulewa? Maswali hayo si ya kale tu. Leo vijana wa Kigoma, kama wenzao wa Tanzania nzima, huenda kusoma Uganda, Uhindi, Uchina, Urusi, Ulaya na Marekani, na wazazi wao huogopa mambo yale yale ambayo tajiri wa Unguja aliyaogopa alipompeleka wakili wake bara. Kusudi la maelezo haya ni kuonyesha kwamba, kwa kadiri habari za Ujiji zinavyoshuhudia, hatari kubwa ya mlevi aliye ugenini haikutoka katika kileo peke yake, bali ilitoka katika kukosekana kwa mtu wa kumwangalia.

Yafaa kuanza na majina, kwa sababu majina ya vileo katika Kiswahili yamebeba historia yake. Neno tembo katika pwani ya bahari ni kileo kigemwacho katika mnazi. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mnazi si mti wa nchi. Mti wa nchi ni mchikichi, ambao matunda yake hutoa mafuta ya mawese yaliyoipatia Kigoma sifa mpaka leo. Mswahili alipofika Ujiji aliona mti mwingine na ladha nyingine, lakini kazi ya mgema ilikuwa ile ile, basi neno tembo likavuka kutoka mnazi likaingia katika mchikichi bila ya taabu. Neno pombe lilibaki kuwa la kileo cha nafaka, yaani mtama, ulezi au mahindi, na likatumika kwa kileo cha ndizi pia. Mvinyo ni neno lililoachwa na Wareno, na divai latokana na Kifaransa. Bia imetoka kwa Waingereza. Gongo ni jina la kileo kikali kilichokenekwa kwa siri, na ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, kileo cha namna hiyo huitwa lutuku. Hivi mtu akiyapanga maneno haya kwa utaratibu wa kuingia kwake, ataona yamefuatana na wageni waliokuja nayo.

Kitenzi chenyewe, kulewa, hakikuwa cha kileo peke yake. Mtu hulewa kwa tumbaku, hulewa kwa mawimbi, na mtumbwi ziwani hulewalewa upepo unapoupiga. Maana ya asili yaonekana kuwa ni kupoteza msimamo, kuyumba huku na huku pasipo cha kushika. Kinyume chake ni kulevuka, yaani kurudi katika msimamo. Mtumiaji wa lugha aliyemwita mtu mlevi alisema habari ya mwili usiosimama, na mwili usiosimama wahitaji mtu wa kuushika. Maana hii yafaa kukumbukwa katika yote yanayofuata.

Pombe katika Buha, kama katika nchi nyingine zilizo karibu na Maziwa Makuu, haikuwa kinywaji cha kiu. Ilipikwa kwa kazi ya ujima, kwa posa na mahari, kwa matanga, na kwa kumheshimu mkubwa. Chungu kimoja kilizungukwa na watu wengi wenye mirija, au kata ilipita kutoka mkono hadi mkono. Katika nchi hizo ilikuwa desturi mwenyeji aonje kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kuwa hamna ubaya ndani. Desturi hiyo huelezwa sana kwa habari ya sumu, lakini ilikuwa na maana nyingine pia: aliyeonja kwanza amejifunga. Akizidiwa mgeni wake, aibu ni ya mwenye chungu. Wazee walikuwapo, wanawake waliopika walikuwapo, na mtani alikuwapo, mtu mwenye ruhusa ya kumcheka mlevi usoni siku ya pili na kumtoza kitu kwa upuzi wake. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mnywaji alikuwa katikati ya macho.

Soko la Ujiji lilileta pombe ya namna ya pili, nayo ni pombe ya kununua. Sokoni hapo ushanga ulitumika kama fedha, na yule mmisionari na baharia Edward Hore, aliyefika mwaka 1878 pamoja na watu wa London Missionary Society, alieleza jinsi ushanga ulioitwa sofi ulivyohesabiwa katika biashara ya kila siku. Mtu mwenye ushanga au doti ya merikani hakuhitaji kualikwa. Aliweza kununua tembo asubuhi, akanywa peke yake, akanunua tena jioni. Muuzaji alimpa alichotaka, akapokea ushanga wake, na hapo wajibu wake ukaisha. Tofauti ya pombe ya kualikwa na pombe ya kununua ndiyo tofauti kubwa katika habari hizi. Ya kwanza ina mwenyewe; ya pili, ikishalipiwa, mwenyewe ni mnywaji peke yake.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, Burton akiwa hawezi kutembea kwa ugonjwa, na Speke akiwa karibu haoni. Burton aliandika kwa maneno makali juu ya ulevi wa wenyeji. Maneno yake yasomwe kwa hadhari: alikuwa mgonjwa, alikuwa na haraka, na mlevi wa sokoni huonekana upesi kuliko watu mia waliokunywa kwa adabu nyumbani kwao. Lakini hadhari hiyo haifuti ushahidi kwamba kileo kilipatikana kwa wingi hapo sokoni, na kwamba kilinunuliwa.

Kisa kinachoonyesha jambo hili wazi zaidi ni kile cha wakili wa mali ya Livingstone. David Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwezi wa Machi 1869, akaondoka mwaka huo huo kwenda Manyema. Alipokuwa huko, shehena ya nguo na ushanga ilipelekwa kwake kutoka Unguja, chini ya mtu mmoja fundi cherehani ambaye Livingstone amwita Sherif. Mtu huyu alikabidhiwa mali ya mwingine, akatumwa safari ya miezi mingi, mahali ambapo aliyemtuma hakuweza kumwona wala kumwita. Kwa maelezo ya Livingstone, Sherif alikuwa akilewa njiani, na alipofika Ujiji alilewa muda wa mwezi mzima kwa mara moja, kwa kuwa nchi ilijaa tembo la michikichi na pombe ya nafaka, na vyote alivinunua kwa merikani na ushanga wa shehena ile ile. Mwisho akaiuza mali iliyobaki, akisema kwamba ametazamia katika Kurani akaona kuwa Livingstone amekwisha kufa.

Livingstone hakufa. Mwezi wa Julai 1871 aliona mauaji ya sokoni Nyangwe, akarudi kwa miguu, mgonjwa na mwenye huzuni, akitumaini mali yake iliyoko Ujiji. Alifika tarehe 23 Oktoba 1871 kwa hesabu yake, akakuta hapana kitu. Katika siku hizo mtu asiye na nguo wala ushanga bara hakuwa na chakula, wala wapagazi, wala njia ya kurudi kwao. Hivyo ulevi wa mtu mmoja ugenini ulikaribia kumwua mtu mwingine aliyekuwa ugenini zaidi yake.

Mambo mawili yatokea katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba Sherif hakujifunzia ulevi Ujiji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za desturi za Waswahili kisha akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, hakuficha kwamba katika pwani, ijapokuwa sheria ya dini yakataza, watu waliokunywa walikuwapo. Lakini pwani mlevi ana jamaa, ana mwalimu wa msikitini, ana majirani wanaomjua baba yake. Ujiji Sherif alikuwa na nguo nyingi mkononi na hana hata mmoja wa hao. La pili ni kwamba waliotaka kurekebisha mambo walikuwa ni wageni wenziwe waliokwisha kukaa mjini. Livingstone mwenyewe ashuhudia kwamba Said bin Majid, mfanyi biashara wa hapo (si yule Sultani wa Unguja), alishauri mali irudishwe na wanunuzi wachukue pembe zao kwa Sherif, nao wakakataa. Kisha akamwendea Livingstone, akajitolea kuuza pembe zake ampe nguo. Livingstone hakukubali upesi. Siku chache baadaye Stanley akafika, na kwa furaha akafungua chupa ya shampeni aliyoichukua kutoka pwani, wakanywa katika vikombe vya fedha. Hakuna msafiri aliyeandika kwamba siku ile wageni wa Ujiji walikuwa walevi. Walikunywa wakiwa pamoja, kila mmoja akimtazama mwenziwe, na kwa jambo lenye maana. Yaani, kwa kweli, walikunywa kwa desturi ya Waha.

Hapa mwanahistoria hana budi kusimama kidogo. Habari ya Sherif yajulikana kwa kinywa cha mshtaki wake peke yake. Yeye mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja. Yamkini alilewa kama ilivyosemwa. Yamkini pia kwamba aliuza mali kwa kuamini kuwa mwenyewe amekufa, au kwa madeni, na neno mlevi likatosha kuyafunika hayo yote. Mtu akishaitwa mlevi, maneno yake hayasikilizwi tena. Hii nayo ni hatari ya kileo ugenini, hatari ya jina, na itaonekana tena mbele.

Baada ya Waarabu na wasafiri zikaja serikali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikusudia, pamoja na kukomesha biashara ya watumwa, kuzuia pombe kali za Ulaya zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Wajerumani wakajenga boma Ujiji mwaka 1896. Reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji wakaishika Kigoma mwaka 1916 mpaka walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulitia nguvu tena kizuizi cha vileo vikali, na utawala wa Waingereza katika Tanganyika ukakifuata. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika alikatazwa kileo kikali kwa sababu ya rangi yake, na Mzungu aliruhusiwa kwa sababu ya rangi yake. Sheria hiyo ilimtenga mtu na chupa, isimfundishe kipimo cha chupa.

Pombe ya nchi nayo ilitiwa chini ya leseni, ikauzwa mahali palipotengwa mjini kwa saa zilizowekwa. Mahali hapo pakaitwa kilabu. Safari ya neno hili yastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Kwa Waingereza lilikuwa jina la nyumba ya wanachama, wanaojuana kwa majina, na mgeni haingii ila kwa kuletwa na mwenyeji. Lilipoingia Kiswahili likawa jina la mahali ambapo yeyote mwenye senti huingia bila kuulizwa jina lake. Neno ni lile lile, na maana imegeuzwa juu chini: pombe ya kununua ilipewa jina la chama cha kujuana. Na katika miaka hiyo hiyo wanaume wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya upande wa Tanga, wakiwa manamba, mbali na chungu cha kwao na mirija yake. Kwao kilabu kilikuwa ndicho pahali pa kukutana na watu baada ya kazi, na mshahara wa mwezi ulikuwa ndio ushanga wao.

Mwanafunzi aliyekwenda ng'ambo alikuja nyuma ya hao, na hali yake ilifanana na yao kuliko alivyodhani. Kabla ya Oktoba 1961, chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, kijana wa Tanganyika aliyetaka digrii hakuwa na budi kuondoka nchini. Wengine walikwenda Makerere, wachache walikwenda Uingereza na kwingineko. Fikiri habari ya kijana aliyetoka katika mwambao wa Kigoma, akasoma Tabora, kisha akapelekwa Uingereza katika miaka ile ambayo kizuizi kilikuwa bado. Kwao hakuruhusiwa kwa sheria kununua chupa ya wiski. Huko aliingia katika nyumba yoyote ya pombe akauziwa. Mlango uliofungwa tangu kuzaliwa kwake ukafunguliwa siku moja, naye hakuwa na mkubwa wa kumwuliza.

Taabu yake ya kwanza ilikuwa ya kipimo. Kwao aliyekunywa alihesabu kwa chombo: kata moja, mbili, kibuyu. Hesabu hiyo ilifaa kwa sababu kilichomo ndani hakikupishana sana kwa ukali. Lakini bia ya kawaida ina kileo cha kadiri ya asilimia 4 hadi 6, na vodka au wiski ina kadiri ya asilimia 40. Mtu anayehesabu vyombo ataona kwamba toti nne ni kidogo kuliko kata moja, maana zote hazijazi hata kikombe. Macho yake yamdanganya, na mwili wajua baadaye, kwa kuwa kileo hakionyeshi nguvu yake yote mara kikishanywewa.

Taabu ya pili ilikuwa ya lugha. Kiswahili chamruhusu mtu kukataa bila kumvunjia heshima mwenyeji: aweza kusema kwamba anashukuru, au kwamba ameshiba, au aweza kuonja tu. Kuonja kumetosha, aliyeonja amekwisha kuitikia ukarimu, na hakuna atakayemkodolea macho aone amebakiza nini. Katika nchi nyingine adabu imekaa kinyume. Kwa Waingereza rafiki hununuliana kwa zamu, na anayeondoka kabla ya zamu yake huonekana mchoyo. Kwa Warusi hotuba fupi husemwa kisha bilauri humalizwa yote, na kuonja tu ni kama kuikataa hotuba. Mwanafunzi aliyejifunza sarufi ya lugha ya nchi hiyo, asifundishwe namna ya kukataa kwa heshima katika lugha hiyo, amejifunza nusu.

Taabu ya tatu ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, nayo yatokana na shauri ambalo kila Mswahili amelisikia: mwache alale, pombe itamwisha. Shauri hili lilizaliwa katika nchi ya joto, penye baraza zilizo wazi na watu wapitao. Mlevi aliyelala barazani Ujiji hakuwa peke yake. Mwenye nyumba alimwona, watoto walimcheka, na alfajiri waendao msikitini walimwamsha. Hata hapo shauri halikuwa salama kabisa, kwa maana mlevi aliyelala chali aweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Lakini katika nchi ya theluji shauri hilo ni hukumu ya kifo. Kileo hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mnywaji huona joto, kumbe joto la mwili latoka nje. Hulala kwa raha, na haamki. Na ndani ya bweni, penye chumba chenye mlango uliofungwa, hakuna apitaye.

Mwezi wa Desemba 1963 mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana, Edmund Assare-Addo, aliyekuwa akisoma katika mji wa Kalinin, alionekana amekufa katika theluji karibu na Moscow. Wakubwa wa Kisovieti walitangaza kwamba alikufa kwa baridi hali amelewa. Wanafunzi wenziwe hawakukubali. Waliamini kwamba ameuawa kwa chuki ya rangi, na tarehe 18 Desemba mamia ya wanafunzi wa Kiafrika walikwenda mpaka Uwanja Mwekundu wakiwa na mabango. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na katika nchi zilizokwisha kupeleka vijana wao kusoma Urusi wazee waliisikia kwa hofu.

Mabishano ya pande mbili hayakwisha. Lakini msomaji wa habari za Ujiji ataona mambo mawili ambayo pande zote zilikubaliana bila kuyasema. Kwanza, kijana yule alikuwa peke yake usiku. Akiwa alilewa, hapakuwa na mtu wa kumshika. Akiwa alishambuliwa, hapakuwa na mtu wa kumsaidia wala wa kushuhudia. Pili, neno mlevi lilifanya kazi ile ile liliyoifanya katika habari za Sherif. Lilipokwisha kutamkwa, upande mmoja uliona kwamba hakuna tena la kuuliza, na upande wa pili ukaona kwamba marehemu ametukanwa ili maswali yakomeshwe. Kwa hiyo usalama wa mwanafunzi ugenini una sehemu mbili: usalama wa mwili, asije akafa, na usalama wa jina, asije akafa pasipo kuaminiwa. Mwenzi aliye pamoja naye hulinda vyote viwili, kwa kuwa yeye ni mkono na ni shahidi.

Itafikiriwa labda kwamba dawa ni kukataza tu. Wako wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari, na njia yao ni salama kuliko zote. Katika Ujiji yenye misikiti mingi watu hao si wachache, na kijana anayeishika njia hiyo apaswa kuungwa mkono, si kuchekwa. Lakini historia haishuhudii kwamba katazo peke yake lilitosha. Mikataba ya 1890 na 1919 haikuondoa kileo kikali. Ilikificha, na gongo ikapata soko. Katika siku zilizo karibu zaidi serikali ya Tanzania ilikataza pombe kali za vifuko vya plastiki, zilizoitwa viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu bei yake ndogo na umbo lake dogo viliifikisha pombe mikononi mwa vijana, hata wa shule. Katazo hilo lilikuwa na haki yake. Hata hivyo kiroba kilikuwa ndicho ukomo wa pombe ya kununua: kileo cha mtu mmoja, kinachotiwa mfukoni, kisichohitaji chungu, wala mrija, wala mwenzi. Kikiondolewa kiroba, bado yule mnywaji wa peke yake amebaki.

Funzo la Ujiji basi si kwamba wazee walikunywa kidogo kuliko vijana wa leo. Funzo lake ni kwamba waliokunywa salama walikunywa mahali ambapo mtu fulani, mwenye jina, alikuwa na wajibu juu yao. Mwenyeji alionja kwanza, mtani alikemea, jirani aliona. Sherif alipotoka katika mduara huo aliangamiza mali na karibu aangamize mtu. Wanafunzi wanaokwenda pamoja ng'ambo waweza kuujenga mduara huo tena bila gharama: mmoja wao asinywe usiku ule, wanaotoka pamoja warudi pamoja, asiyeamka akiitwa asiachwe alale, bali alazwe ubavu, aangaliwe pumzi zake, na tabibu aitwe bila kuogopa aibu.

Wenye kazi ya lugha nao wana sehemu yao. Kiswahili kina maneno mengi ya kumcheka mlevi, na machache ya kumwokoa. Neno kuzima, lisemwalo na vijana kwa mzaha juu ya mtu aliyepoteza fahamu kwa pombe, laficha kwamba mtu huyo yumo katika hatari ya sumu. Kamusi zikiandika sumu ya kileo kama zinavyoandika sumu ya nyoka, na vitabu vya kuwaaga wanafunzi vikieleza tofauti ya usingizi na kuzimia kwa Kiswahili kinachofahamika na mzazi wa Ujiji na mtoto wake aliye Moscow, kazi ya wanaisimu itakuwa imeingia katika maisha ya watu. Na lile shauri la kale laweza kubaki, likibadilishwa neno moja tu: mlevi aliyelala asiachwe, akeshewe.